Skrubu ya Karani

Dada yangu, mkubwa wangu, fundi wa sare za watoto wa watu,

Salamu zangu zikufikie zikiwa bado na joto, maana nimeziandika huku nimezifumbata. Hujambo wewe? Macho je, na mgongo, kwa kuinamia hiyo cherehani mchana kutwa? Shemeji anaendeleaje na lile tumbo lake linalofika mahali kabla yake? Na wapwa zangu, bado wanasema mjomba wao ndiye mwanamume mwenye akili kuliko wote waliowahi kuwaona? Usiwakataze. Mtoto akisema kweli hachapwi. Ukiniuliza mimi, mwili hauna neno, nakula, nalala, na zile nguo za kijani za kazini zimenikaa sawasawa hata muuza magazeti ananiita Dokta, nami kila siku nina haraka mno, sipati nafasi ya kumsahihisha.

Najua utashangaa kwa nini mtu mwenye simu, tena simu kubwa, anakuandikia barua kama watu wa zamani. Sababu ni nyumba yetu. Ukuta wa chumba cha Mama unaujua, ubao mtupu, na kilichovunjika kwa Mama ni nyonga, si masikio. Nikinong'ona jikoni ananijibu kitandani. Kila ulipopiga nikakwambia tunaendelea vizuri, alikuwa ananisikiliza neno kwa neno kama msimamizi wa mtihani. Hata meseji naogopa, maana ukisoma tu utapiga, na ukipiga utalia, na ukilia ataisikia simu ikilia machozi. Kwa hiyo nimemkabidhi barua hii mume wa yule msusi wa jirani, dereva wa lori, mtu ninayemwamini kwa siri kwa sababu mwandiko wangu hauwezi. Wewe utauweza, si ndiwe uliyekuwa unaninakilia insha zangu kabla shule haijanishinda? Mkaribishe akae, mpe maji. Kisha kaa na wewe.

Ngoja nianze mwanzo, maana kwenye simu nilikupa vipande tu. Karani unamkumbuka, yule paka wa Mama, wa kijivu mwenye shingo nyeupe kama kola, aliyepewa cheo hicho kwa vile alivyokaa dirishani kukagua anayeingia na anayetoka. Siku ya tukio Mama alikuwa anatoka jikoni na beseni la nguo mbichi, haioni miguu yake mwenyewe. Karani alikuwa amejilaza kizingitini, ofisini kwake. Mama akamkanyaga mkia, Karani akaruka huku, Mama akaruka kule, wakakutana sakafuni: Mama juu, Karani chini, beseni juu ya wote wawili. Nilipofika mbio, Mama aliniambia nimtazame paka kwanza, yeye amejikwaa tu. Mguu wake, dada, ulikuwa umegeukia nje kama wa mwanasesere, naye ananiambia amejikwaa.

Hospitali wakampiga picha. Daktari wa mifupa, kijana mpole mwenye viatu vya kelele, alisema mfupa wa paja umekatika pale juu unapoingia kwenye nyonga, na kwamba dawa yake ni kupasuliwa, tena haraka, wiki hiyohiyo. Alinivuta pembeni akanieleza kwamba kwa umri wa Mama si mfupa unaoua, ni kitanda. Mtu mzima akilala sana mgongo unachubuka, damu inalala, mapafu yanaanza kujaa. Kila wiki kitandani, alisema, inaondoka na kitu ambacho hairudishi.

Mama akakataa. Akamwambia yule kijana kwamba yeye si gauni, hashonwi. Nikambembeleza, muuguzi akambembeleza, hata mgonjwa wa kitanda cha pili akambembeleza, akaambiwa ashughulike na nyonga zake. Ndipo Mama aliponigeukia mimi. Dada, unajua miaka yote hii nilivyokuwa nikija nyumbani na habari za kazini: leo tumemuunga paka nyonga kwa skrubu, kesho yake karuka ukuta, leo tumemfunga mbwa chuma, sasa anakimbizana na pikipiki. Kumbe Mama alikuwa anaziweka zote. Akasema, wodi nzima ikisikia, kwamba mwanawe ni bingwa wa nyonga za paka, na kwamba kuna paka wake yuko nyumbani amevunjika. Basi mwanawe amtengeneze huyo kwanza, na siku Karani atakapotembea mbele ya macho yake, siku hiyohiyo na yeye atapanda kitanda cha kupasuliwa. Wodi ikacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Nikajipiga kifua, nikasema, Mama, hiyo ni kazi ndogo.

Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Wangu uliruka kichwa ukaenda kuponza nyonga za watu wengine.

Basi tukamrudisha Mama nyumbani, nami nikambeba Karani kwenye kikapu mpaka kazini. Daktari wetu wa wanyama ni mama mmoja mwembamba tunayemwita Bibi Kimya, maana maneno yake huyatoa kama anayakopesha. Siku ile aliyatoa mengi, nikajua kuna jambo. Alinieleza kwamba nyonga ni kama pete, na pete hiyo inashikwa na uti wa mgongo pande mbili. Upande wa kulia wa Karani kile kiungo kimebanduka, mfupa mzima umesogea mbele kama droo iliyotoka kwenye reli zake. Paka wengi wa namna hii, alisema, huachwa tu kizimbani wapumzike na mfupa hujishikiza wenyewe. Lakini huyu umesogea mno, unabana njia ya choo, na maumivu yake ni makubwa. Huyu atatiwa skrubu. Kisha akachukua koleo akambana Karani ncha ya mkia. Karani akaendelea kutazama ukuta. Akambana juu zaidi. Karani, ukuta. Akaniambia kwamba skrubu inashika mfupa, haishiki mishipa ya fahamu. Ikiwa mkia hautasikia tena na mkojo hautatoka wenyewe, basi hata akitembea, hatafika mbali.

Nikamwambia nimeelewa. Nilipofika nyumbani nilimpa Mama habari zote za skrubu. Habari za mkia zikanipotea njiani.

Siku ya kupasua nilikuwepo, na hapa niruhusu nijisifu kidogo, pengine ni mara ya mwisho. Nilimnyoa Karani kuanzia kiunoni mpaka pajani, akabaki kama mtu aliyevaa kaptura kinyume. Bibi Kimya alimlaza ubavu, akapasua juu ya nyonga, akaitenganisha nyama polepole mpaka mfupa ukaonekana, mweupe wenye rangi ya maji ya mchele. Kazi yangu ilikuwa kuvuta. Mfupa umesogea mbele, kwa hiyo mtu lazima auvute mguu kurudi nyuma, kwa nguvu lakini bila papara, mpaka kiungo kikae usawa wake, kisha ashikilie hapo asipumue. Mahali pa kuingilia skrubu kwenye mfupa wa ndani, dada, pana ukubwa wa punje ya dengu. Ukipanda juu kidogo umeingia kwenye njia ya mishipa ya fahamu; ukishuka kidogo umetoboa kisichotobolewa. Bibi Kimya alisema vuta, nikavuta. Akasema ongeza, nikaongeza. Akasema hapo, nami nikawa nguzo. Jasho liliniingia machoni nikaliacha lifanye linavyotaka. Drili ililia kidogo tu, kama mbu aliyekasirika, kisha skrubu ikaingia, nikahisi kwenye mikono yangu mfupa ukibanwa na mfupa mwenzake, kama mlango unapokubali komeo. Picha ya eksirei ilipotoka, Bibi Kimya aliitazama muda mrefu, akasema imekaa. Kwake yeye hiyo ni hotuba.

Niliiomba ile picha nikaja nayo nyumbani, nikaibandika kwenye kioo cha dirisha mbele ya Mama ili mwanga uipitie. Akakodoa macho. Akaniuliza ule mstari ndio nini, nikamwambia ndiyo skrubu, na aliyeushika mguu ni mimi. Akasema ni nzuri. Kisha akanikumbusha kwamba picha haitembei.

Tukaanza maisha ya wagonjwa wawili chumba kimoja. Kizimba cha Karani nilikiweka kando ya kitanda cha Mama, na amri ya Bibi Kimya ilikuwa moja: asitoke, asitembee, na juu ya yote asiruke, mpaka yeye mwenyewe aseme. Wiki nyingi, alisema, sita na zaidi. Mwambie paka hivyo. Alinitukana kwa macho asubuhi na jioni. Mama naye alikuwa anamtania kwamba kumbe makarani nao hupewa likizo ya lazima. Mimi nikawa nafanya zamu kati yao. Huyu nambadilishia mchanga, yule namgeuza ubavu, msusi akinisaidia kushika shuka. Mara tatu kwa siku nilimtoa Karani kwa mikono, nikampeleka uani, nikamwambia Mama nampunguzia joto. Kumbe kule uani nilikuwa nakishika kibofu chake kwa vidole, nakikamua kama mtu anayekamua ndimu huku anaogopa kuipasua, maana mkojo haukuwa unatoka wenyewe. Nilimpigapiga mkia kila siku. Nilimwambia, bwana Karani, jibu basi, hata tusi. Mkia ulining'inia kama kamba ya begi.

Huku Mama akaanza kukohoa. Mwanzoni alisema ni vumbi la mchanga wa paka. Msusi, ambaye kwa mdomo wake na wangu tunaweza kufungua redio, aliniita nje akaniambia bila utani kwamba hicho si kikohozi cha vumbi, na kwamba mgongoni kwa Mama pameanza kufunguka kidonda ukubwa wa sarafu. Nikamwomba Mama twende hospitali. Akageuza uso kuelekea kizimbani, akauliza kama Karani ameshatembea. Kila siku swali hilohilo. Nilimwambia mifupa ya paka ina ratiba yake. Akasema na yake pia, basi zitangojeana.

Na siku moja, dada, Karani akatembea. Alitoka kizimbani, akavuka chumba kwa mguu wake wa kulia ulioshonwa, akiyumba kidogo kama mtu anayetoka harusini, lakini akitembea. Mama alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, akakicheka na hicho kikohozi. Akaniambia, kumbe leo umesema kweli. Sijawahi kupewa cheti kikubwa kuliko hicho. Akaagiza apewe lile gauni lake la bluu ulilomshonea, akachanwa nywele, akapanda machela kwa hiari yake, huku akiwatangazia majirani kwamba anakwenda kutiwa skrubu kama paka wake.

Hospitali yule kijana wa viatu vya kelele alimsikiliza kifua. Akasikiliza tena. Akamwita mkubwa wake, naye akasikiliza. Wakanitoa nje kwenye korido, penye benchi la chuma na bango la kuosha mikono. Akasema mapafu yamejaa pande zote mbili, moyo umechoka kuyabeba, na kwamba dawa ya usingizi sasa ndiyo itakayommaliza, kabla hata ya kisu. Angalikubali wiki ile ya kwanza, alisema, kisha akakatiza maneno, akaniambia nisijilaumu. Watu wazima hukataa, alisema, hutokea. Walimpa sindano za kifua, wakamweka kwa muda, kisha wakanishauri nimrudishe nyumbani palipo na watu wake. Unajua maana ya daktari akikushauri hivyo. Mama niliambiwa nimweleze mwenyewe. Nilimweleza kwamba madaktari wanasubiri kikohozi kipungue, ndipo wampangie siku. Kwa hiyo sasa yuko kitandani na gauni la bluu limetundikwa msumarini, anasubiri siku yake.

Dada, hapa ndipo ninapotaka uache kushika chochote ulichoshika.

Kwanza, mimi si daktari msaidizi wa wanyama kama nilivyowaambia. Sijawahi kuwa. Mimi naosha vizimba, nanyoa manyoya, nashika wanyama wasing'ate. Siku ile ya kuvuta mguu ndiyo nyonga ya paka ya kwanza niliyowahi kuishika maishani mwangu. Hao paka wote waliokuwa wanaruka kuta niliwatunga mimi, mezani, huku nala chakula cha Mama, ili aone kwamba hakulisha bure.

Pili, Karani hakutembea kwa sababu alikuwa amepona. Bibi Kimya hakusema atoke. Zilikuwa zimepita wiki tatu tu. Niliona kikohozi cha Mama kinakwenda mbio kuliko mfupa wa paka, nikafanya hesabu ya mjinga: hatua chache, Mama aone, Mama akubali, nimrudishe Karani kizimbani, hakuna atakayejua. Nikafungua mlango. Akatembea, nilivyokueleza. Sikudanganya hapo. Lakini sikukueleza kilichofuata. Mama, katika furaha yake, alipiga godoro kwa kiganja, mara mbili, kama alivyokuwa akimwita miaka yote. Na Karani akaruka.

Nilikuwa nimesimama karibu kuliko wewe ulivyo na hiyo cherehani. Ningeweza kumdaka. Nilikuwa namtazama Mama akicheka.

Alifika juu, lakini alifika vibaya. Hakulia. Alijilaza ubavuni kwa Mama, naye Mama akamshika kichwa, akaniambia nikaite machela. Nilipompeleka Karani kazini kesho yake, picha ilionyesha skrubu imelegea na kutoka, mfupa umerudi mbele kulekule. Bibi Kimya hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alisema mfupa ungeweza kurudiwa. Kisha akachukua koleo akambana mkia, akambana tena, akashika kibofu kilichovimba kwa mkojo ulioanza kutoka na damu. Akaniambia kwamba kurudia ni kumtesa paka ili sisi tujisikie vizuri. Nilimshika mwenyewe akichomwa ile sindano. Watu husema fulani ana roho ya paka, wakimaanisha hafi ovyo. Mimi nimeishika roho ya paka mikononi, dada. Ni nyepesi tu kama ya mtu.

Mama nikamwambia amelazwa kwa uangalizi. Aliposema nimsalimie, nikasema zitafika.

Nilidhani nimemaliza. Lakini juzi asubuhi alinituma nimwite msusi aje amfute uso, na msusi akiwa hapo, Mama akamuuliza nani ameosha bakuli la Karani na kulifunika juu ya kabati. Msusi, mtu wa maneno elfu, akaanza kukunja kitambaa kilichokuwa kimekwisha kukunjwa. Mama akamwambia asante, akangoja atoke. Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini kuliko ninavyoweza kunong'ona mimi, kwamba bakuli la anayerudi halifunikwi. Akautazama mkono wake wa kulia, akaugeuza kiganja juu, akasema huu ndio uliomwita. Nikakataa. Nilikataa kwa domo langu lote, niliapa, nilitunga, nilisema ni mafua ya paka yanayowapata wote mtaani. Akanisikiliza mpaka mwisho, kama alivyonisikiliza miaka yote mezani, akasema hadithi hiyo ni nzuri ila ile ya mbwa na pikipiki ilikuwa nzuri zaidi. Alikuwa anajua, dada. Zote. Tangu mwanzo. Akaniambia hata hospitali hakunidai miujiza. Alitaka tu aone nikifanya kimoja katika vile nilivyosema, basi angekuwa na nguvu ya kwenda.

Halafu akaniambia nikuandikie. Nimeshika kalamu kwa amri yake, anajua naandika, anasikia karatasi. Amenituma nikwambie hivi, na nayaandika kama alivyoyasema: kwamba kikohozi kinapungua, siku ya kupasuliwa imekaribia, usiache kazi ya watu, na ukija mwisho wa mwaka atakupokea mlangoni amesimama. Alipomaliza kuyasema alinitazama kuona kama yamekaa vizuri. Sasa najua domo hili nilirithi wapi.

Hayo ndiyo maneno yake. Langu ni hili: usingoje mwisho wa mwaka. Aliyekuletea barua hii anageuza lori kesho alfajiri, na kiti cha kando yake hakina mtu, nimekwisha kumwomba. Ukifika, ingia kwa mlango wa mbele. Mama atakuwa amelala. Mwambie amesimama vizuri. Usiulize habari za paka. Na akikwambia mdogo wako ni bingwa wa nyonga, itikia.

Nisalimie Shemeji, wabusu wapwa zangu, usiwaambie bado kwamba mjomba wao anaosha vizimba. Msusi anakusalimu, nami nakusalimu tena, maana salamu za mwanzo zitakuwa zimepoa. Mama anakohoa, ngoja nikamgeuze.

Ni mimi mdogo wako, usiyemchoka,

Domo